Bakora ya Mpingo ya Mkwe Wangu

Mimi, bingwa wa kupamba vitu kwa utando wa nakshi unaoelea majini hapa Chikongola, nilitaka kumpelekea baba wa mchumba wangu bakora ya mpingo. Kununua mpingo ni kazi ya wajinga. Nilichonga fimbo ya msonobari, nikatandaza juu ya maji utando wenye rangi ya mpingo, nikaizamisha, ikatoka nyeusi tii.

Mzee, Mmakonde aliyekulia kwenye vumbi la vinyago, akaigeuzageuza.

“Rangi haichuji, mwanangu?”

Nani alinituma? Mbele ya ukoo mzima nikaitosa kwenye pipa la maji.

“Haichuji ng’o, baba!”

Ikaibuka, ikaelea kama kifuu.

“Mpingo huzama,” akasema kwa upole. “Huu wako umejifunzia wapi kuogelea?”