Kawa ya Bahiya Si Kofia ya Askari

Asubuhi, Arua. Kwa miaka kadhaa nimeandika, bila mwajiri, historia ambazo wakubwa huziruka: wapishi, wasusi, wanawake wa Kinubi waliofuata kambi za askari. Kamati moja ya maonyesho hapa mjini ikaniomba maelezo. Nikawapa, pamoja na kawa ya Haboba, bibi yangu: mfuniko wa chakula aliosuka mama yake. Siku ya kufungua nikaikuta kawa imevalishwa sanamu ya askari. Chini wameandika: "Kofia ya askari Mnubi."

"Maelezo yangu yako wapi?" nikamuuliza msimamizi.

"Mama Safa, mambo ya jikoni tulitoa. Watu wanakuja kuona historia."

Hapo nikawaka. Mwanangu Safa akaamka mgongoni akilia, sikumbembeleza. "Hao askari walipigana bila kula?"

"Kama iko mutu anajua hii kitu, leta maneno yake," akajibu msimamizi.

Njiani. Nikapata nafasi mbele kwenye pikapu ya muuza vitunguu, kwenda kwa Haboba, Koboko. Nilipokuwa mdogo barabara ya Koboko ilikuwa vumbi jekundu, na msimu wa tumbaku ulinukia hata kwenye nguo zetu za Idi. Tulisimama kila mara, tukanunua miwa, tukagombana. Sasa ni lami. Tulipita kasi hata sikujua tulipokuwa tukisimama.

Adhuhuri, Koboko. Haboba alisikiliza, kisha akacheka mpaka mtandio ukaanguka. Akanyanyua kawa nyingine kutoka kwenye sinia ya chakula, akaivaa, akapiga saluti.

"Afande, nyama iko tayari!"

Tukacheka wote, hata Safa. Halafu akaishusha, akaipangusa kwa kiganja.

"Harusi yangu, sinia ilipita mtaa wote na kawa ya mama juu. Watu wanaona ile nyekundu kwa mbali, wanasema, chakula kinatoka kwa Mama Juma. Ukipitisha sinia wazi, wanawake watakucheka mpaka uhame. Leo wanafunika na beseni ya plastiki."

"Nikurudishie kawa, Haboba?"

"Wacha ikae, watu waone. Lakini kila mtu alimwita mama yangu Mama Juma tu, mjukuu. Jina lake, Bahiya, mimi peke yangu nabaki nalo. Nikienda, linaenda."

Nikaandika maneno yake, akatia dole gumba.

Jioni, nikarudi Arua. Zamani nilidhani historia husahaulika yenyewe, kama rangi inavyopauka juani. Sivyo. Kuna mtu anaitoa kwa mkono wake, na anajulikana. Kesho yake nilipeleka barua hii kwa mwenyekiti wa kamati, nikasubiri mpaka ikagongwa muhuri:

"Mimi, Zamzam, mwandishi na kitukuu wa msusi, nalalamika rasmi. Toeni kawa kichwani mwa askari. Iwekeni juu ya sinia. Andikeni: Kawa, ilisukwa na Bahiya wa Koboko. Ushahidi wa binti yake umeambatishwa. Mkishindwa, irudisheni leo. Kwetu kuna chakula cha kufunika."