Hofu ya Masanja Haikuwepo Asubuhi

Nakumbuka siku moja pale Rwamgasa, mwanangu, na vumbi lake bado liko kooni. Leo nina makarasha mawili ya kusaga mawe na nyumba ya bati la rangi huko Masumbwe, na darasa la nne sikulimaliza. Hayo niliyatafuta kwa mikono hii. Lakini lipo moja nililoliharibu, na mikono haikunisaidia kitu.

Nilikuwa kijana, msimamizi wa duara, yaani shimo letu la dhahabu. Kifusi kilimfunika rafiki yangu Masanja hadi shingoni, tukamfukua akiwa mzima. Akapumzika wiki nzima, akarudi kazini. Basi kila asubuhi, kwenye chai ya Mama Nkwimba, mpishi wetu, nikawa namuuliza mbele ya watu: "Vipi, uko fiti?"

"Fiti kuliko wewe, kitambi!"

Tunacheka. Anashika kamba, wenzetu wanamshusha.

Siku ya nne alifika pale mwanga wa juu unapokatika, mikono ikaachia kamba, akaanguka. Tulimtoa nyonga imevunjika.

Nilimwendea kitandani na hasira zangu. "Mbona ulinidanganya?"

"Sikukudanganya. Uliniuliza nikiwa na kikombe mkononi, saa ile hofu haipo. Inanikuta pale gizani, pumzi kumi hivi, halafu inapita. Siku zote tatu ilipita."

Nikamweleza Mama Nkwimba, nikitegemea atanitetea. Hakuinua hata macho kwenye sufuria. "Wewe, baba, kwenye mwamba unachukua jiwe la kupima kila futi, unasaga, unaosha kwenye karai, ndipo unasema una dhahabu au hauna. Masanja ulimpima mahali pamoja tu, tena juu ya shimo. Ungeshuka naye."

 

Maji usiyoyafika hujui kina chake, mwanangu. Kila jambo la moyo lina saa yake ya kupimwa. Hofu ipime kwa pumzi, ukiwa kwenye kamba na mwenzako. Msiba usiupime siku ya kuanua matanga. Rudi wakati wa mavuno, rudi na mwakani. Wala ndoa usiihukumu kwa ugomvi wa asubuhi moja.

Masanja ndiye mkuu wa makarasha yangu leo. Mlio wa fimbo yake husikika kabla hajafika, nami nikiwa najisifu, huacha.

Mungu akupe moyo wa kushuka na wenzako hadi pale mwanga unapokatika, na awapandishe nyote salama.