Mrusi Aliyeendesha Kifaru

Enzi zetu, wenzangu mliokulia kwenye kambi za wachimbaji kule Geita, adui alikuwa mmoja tu, na jina lake Mrusi. Hatukuwahi kumwona. Tulimwogopa kwa sababu tuliambiwa tumwogope, na mtoto wa enzi zile akiambiwa jambo hakuuliza mara mbili. Siku hizi ukimwambia mjukuu kwamba jua limechomoza, anataka kwanza alione kwenye simu.

Habari za Mrusi tulizipata kwa mke wa meneja wa mgodi, Mwingereza aliyekuja shuleni kila Jumatano kutufundisha wasichana kushona. Tulimwita Memsabu. Sindano zikienda, naye anaendelea: Warusi hawacheki, hawaogi, hawana Mungu, na wanakunywa pombe tangu asubuhi. Nyumbani nilimsimulia bibi, mama yake baba, akiwa anakatakata viazi vya kuanika michembe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Haogi, hacheki, anakunywa asubuhi," alisema. "Huyo si Mrusi. Huyo ni mjomba wako."

Fundi wa mitambo pale mgodini alikuwa mzungu mrefu mwenye jino la chuma. Tulimwita Bwana Nyundo. Karatasi zake zilisema ni Mpolandi aliyeletwa huku na vita. Wazungu wenzake hawakumwita kunywa chai, kwa hiyo jioni alikuja kwetu. Tukicheza mdako, ule mchezo wa kurusha na kudaka vijiwe, alichuchumaa nasi vumbini, akashindwa, akaomba tuanze upya. Bibi alimfundisha salamu ya asubuhi ya Kisukuma, naye kila akipita alisema, "Mwangaluka, mayu," hata kama ni jioni.

Baba, aliyekuwa mchimbaji, alituambia kwamba Bwana Nyundo aliendesha kifaru vitani. Yeye alimaanisha lile gari la chuma lenye mzinga. Bibi, ambaye usichanani alikimbizwa na kifaru mwenye pembe, alielewa kivyake, na tangu siku ile alimtengea kigoda kizuri.

"Ulikuwa unamlisha nini?" alimuuliza.

"Dizeli, mayu."

"Na akikataa kwenda?"

"Nampiga nyundo."

Hakuwa anatania. Alimweleza baba kwamba gia za kifaru chao zilikuwa ngumu, dereva alikaa na nyundo miguuni ya kuzigongea. Kiliungwaungwa ovyo kama sufuria ya fundi mlevi, na mvua ikinyesha waliloa humohumo ndani. Lakini kilipita kwenye matope yaliyowanasa Wajerumani, na kikiharibika kilitengenezwa kwa chochote kilichokuwa karibu. Baba hakuuliza ni jeshi gani. Nadhani alishajua.

Masika ya mwaka niliokuwa darasa la nne, asubuhi moja baada ya mvua kubwa, pampu ya kuvuta maji shimoni ilisimama. Maji yakajaza njia ya kutokea. Wachimbaji kumi na mmoja walibanwa upande wa ndani, baba akiwa mmojawao. Tulikimbilia mgodini. Wanawake walikaa chini kwenye tope, na hakuna aliyelia, maana kulia kungekuwa kuwazika.

Injinia alisema mpira wa kuziba pampu umepasuka, na mwingine utafika kesho kutoka Mwanza.

"Kesho utaziba nini?" Bwana Nyundo alimuuliza. Akatugeukia. "Nipeni ngozi ya ng'ombe. Ngumu!"

Bibi alinituma nyumbani, nikarudi mbio na ngozi aliyokuwa akilalia. Bwana Nyundo aliikata kwa kisu, akaipaka grisi, akaifunga ndani ya pampu, akaanza kugonga. Kila akigonga alitukana, na alitukana kwa lugha yake ya kuzaliwa. Pampu ilikohoa, ikatapika tope, kisha maji.

Injinia, ambaye wakati wa vita aliwahi kufika bandari za Urusi, alimkazia macho. "Hicho si Kipolandi," alisema.

Saa kumi alasiri walitoka wote kumi na mmoja. Baba alikuwa wa tisa. Alimtazama mama yake, akauliza kama kuna ugali.

Jumatano iliyofuata Memsabu hakutaja Warusi. Tulishona vifungo. Wiki iliyofuata lilikuja gari kumchukua Bwana Nyundo. Bibi alikwenda hadi barazani kwa meneja, akauliza mtu huyu anafukuzwa kwa kosa gani. Karani akatafsiri, akarudisha jibu: "Ni Mrusi."

"Hilo tumelisikia," alisema bibi. "Nimeuliza kosa."

Baba alimshika Bwana Nyundo mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie. Yule mzungu alilia mbele ya watu wote, bila kujificha, na Memsabu akiwa dirishani anaona.

Hatukupata barua. Baba aliishi hadi akakongoka, akafa kitandani mwake, mvi kichwa kizima. Siku hizi wajukuu wangu wanabishana sebuleni kuhusu Warusi: silaha zao, tabia zao, nani atamshinda nani. Wanajua mengi kuliko Memsabu. Juzi mmoja aliniuliza, "Bibi, wewe unawaonaje Warusi?"

Nikamwambia mimi namjua mmoja tu, na mdako hakuuweza.

Akacheka, akarudi kwenye simu yake. Nami nikabaki nimekaa, natamani mtu wa rika langu angekuwepo aniulize jina halisi la Bwana Nyundo, ili tukumbushane kwamba hatukuwahi kulijua.