Kikapu cha Fundi, Sura ya Kidoti

Kijiji kizima kilimwita Fundi, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Yeye ndiye aliyewaketisha wanawake wenzake kwenye baraza ya ghala kuukuu, akawafundisha kuchambua ukindu, kuutia rangi na kusuka vikapu kwa mapambo ya bibi zao, hadi mnunuzi wa mjini akaanza kuvifuata mwenyewe. Hata wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi shavuni, alifundishwa na yeye. Siku za mwanzo vikapu vya Kidoti vilipinda kama kofia iliyokaliwa.

Basi siku moja mnunuzi alikuja na mpiga picha. Fundi alivaa gauni lake la kutokea, akakaa mbele kabisa, kikapu chake kikubwa mapajani. Mpiga picha alimtazama, akageuza shingo, akamwona Kidoti akicheka na jirani.

“Samahani mama, hebu mpe yule dada akishike.”

Fundi akakitoa. Angefanyaje, na watu wote wanamtazama?

Haukupita muda, zikaletwa lebo za kufunga kwenye vikapu. Kila lebo ilikuwa na uso wa Kidoti, meno nje, kakumbatia kazi isiyo yake. Roho ilimchoma Fundi. Nyumbani mumewe alisema tu, “Wifi yako katoka vizuri,” akanuniwa mpaka chakula kikapoa.

Kwa kuwa ndiye aliyekagua kazi za kikundi, alianza kumwandama. Mara kitako kimepwaya, mara ukingo umelegea. “Fumua.” Kidoti alifumua, akasuka upya. Fundi alipata nafuu kidogo, kama mtu aliyekuna upele, kisha mwasho ukarudi.

Siku moja alimrudishia kikapu kisicho na kasoro hata chembe.

“Wifi,” Kidoti alisema taratibu, “hiki kiko sawa. Na wewe unajua.”

“Nimesema fumua.”

Kidoti alikiweka chini, akajifuta mikono, akaenda zake. Hakurudi siku hiyo wala wiki iliyofuata. Wale wengine hawakumlaumu Fundi kwa mdomo. Walisuka tu, wakizungumza na kila mtu isipokuwa yeye.

Mwishowe akajikaza, akaenda kwa kaka yake. Alimkuta Kidoti uani anasuka kikapu cha rangi mbili zilizopishana kwa mshazari, mtindo ambao Fundi hakuwahi kuufikiria. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko ule wa picha. Uso mtu huzaliwa nao. Hii ilikuwa mikono.

“Umekuja kukagua?”

“Hapana. Nimekuja kusema kile kikapu kilikuwa sawa.” Akaugusa ukingo wa kile kikapu kipya. “Nilikuonea gere, wifi. Ile picha iliniuma.”

Kidoti akamsogezea kigoda. “Si ungesema? Mimi mwenyewe siipendi. Nimetoka na mashavu kama napuliza moto.”

Fundi alicheka bila kutaka.

Kidoti alirudi kwenye kikundi, kwa sharti kwamba ukaguzi uwe wa zamu. Mnunuzi aliupenda mtindo wake, akauagiza kwa wingi, ikabidi Fundi aombe kuonyeshwa namna ya kuuanza. Usimwamini akikwambia haikumuuma. Kila Kidoti alipoinama kumsahihisha kidole, wivu ule ule ulimrudia. Aliumeza, akaendelea kusuka.