Bibi Rosina Alikosa Waitikiaji

Bibi yangu Rosina alitunga nyimbo huku akianika usipa, dagaa wa ziwani kwetu, mchangani. Jirani akinunua cherehani, wimbo. Nesi akichelewa kufungua zahanati, wimbo. Nilipoota jino la kwanza alinitungia wimbo wa kuniita mamba wa Lipingo, na hata nikiwa chuoni shangazi zangu waliuimba kila nilipopiga simu. Alizaa sita, akapata wajukuu kumi na wanne, na kila mmoja alikuwa na wimbo wake.

Ndiye aliyeanzisha kikundi cha kioda kijijini kwetu Lipingo. Kioda ni ngoma ya kina mama wa ziwani: mmoja huanzisha, wengine, wamejipanga mstari kwa magauni meupe, wanaitikia. Kwetu, wimbo usioitikiwa haujaimbwa.

Miaka tisa iliyopita alitunga wimbo kuhusu Antoni, mzee wa kanisa, aliyempiga mkewe kwa kamba ya nyavu. Alimtaja kwa jina. Akamtaja na mkewe, Kunigunda, aliyekuwa akicheza na bibi mstari mmoja. Watu waliupenda. Bodaboda waliupiga kwenye simu zao kutoka Liuli mpaka Mbinga. Antoni alicheka mbele ya watu, lakini kila wimbo ulipopita barabarani, kipigo kilimshukia mkewe. Kwanza jino lilitoka. Kisha mkono ukavunjika, ukaunga vibaya.

Kunigunda alikuja kwenye mazoezi na mkono wake umefungwa.

“Dada Rosina, ulinitaja bila kuniuliza. Sema ulidanganya, nipate kupumua.”

“Niliona kwa macho yangu, mdogo wangu. Nitasemaje nilidanganya?”

“Basi anzisha wimbo, tuone nani atakuitikia.”

Bibi alianzisha. Hakuitikia mtu. Ndivyo walivyomhukumu, na hukumu ile haikuwa na mwisho. Harusini alianzisha, wenzake wakatazama ziwa. Kwenye sherehe za kipaimara ilikuwa vilevile. Nyumbani babu Erasmo alijaribu kumwitikia kwa sauti yake mbovu.

“Nyamaza, Erasmo,” bibi alimwambia. “Wewe si kikundi.”

Mwaka jana miguu ilimvimba na pumzi ikampungua. Alimwomba babu jambo moja: siku ya kumzika, kikundi kiitikie wimbo wake, hata ubeti mmoja. Babu alikwenda kwa Kunigunda, ambaye sasa ni mwenyekiti.

“Aseme alidanganya, shemeji.”

“Antoni ameshakufa, mama. Nani atakupiga tena?”

“Antoni amekufa. Mkono wangu bado ninao. Nauangalia kila ninapokanda unga.”

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni, kichwa kimejaa haki za binadamu. Bibi alipomwambia babu, “Kamwite, nitasema,” mimi ndiye niliyesimama mlangoni.

“Usikubali, Bibi. Ulisema kweli. Mwenye kosa alikuwa Antoni, na wote waliokaa kimya.”

“Mjukuu wangu, nimechoka.”

“Watasema ulishindwa.”

Akageukia ukutani. Kunigunda hakuitwa. Siku ya tatu bibi alifariki.

Mpaka leo naamini nilichosema kilikuwa kweli. Sijui kwa nini sikumuuliza bibi kama kweli ile bado ilikuwa yake, kama ambavyo yeye hakumuuliza Kunigunda.

Makaburini kikundi kilikuja chote, kwa magauni meupe, kwa sababu kwetu hakuna anayesusia maziko. Mchungaji alipomaliza, babu alivua kofia.

“Ndugu zangu, mke wangu alidanganya katika ule wimbo. Naomba mumwitikie.”

Ilikuwa uchungu kusikia. Wote tulijua si kweli, na yeye alijua tunajua.

Kunigunda alitoka mstarini, akamshika babu bega kwa mkono ule uliopinda. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

“Pole, shemeji. Lakini si wewe uliyenitaja.”

Akarudi mstarini.

Babu akaanzisha mwenyewe, wimbo wa kwanza kabisa ambao bibi alikifundisha kikundi. Alipofika mahali pa kuitikia alinyamaza, akangoja. Wanawake ishirini na wawili walitazama udongo. Akangoja muda ule ule ambao kiitikio huchukua, kisha akaendelea na ubeti wa pili.