Nilimwambia Asile Mpaka Nifike

Ipo siku moja ya miaka ya vita, mwanangu, ambayo hainitoki akilini hata sasa, na mimi ni bibi mwenye wajukuu. Nakusimulia kwa sababu nasikia umepata kazi ya utafiti na tayari umeshonewa koti jeupe. Koti ni zuri. Hata mimi nilikuwa nalo.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kichwa kimejaa. Nilitafuta watu wenye magonjwa mawili kwa pamoja: kisukari, na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Si kila rovu, maana milimani kwetu rovu la kukosa chumvi yenye madini joto lilikuwa jambo la kawaida. Mimi nilitafuta lile linalokuja mwili unapojishambulia wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuipiga tezi ya shingo, na kwa wengine inalipiga pia kongosho linalotengeneza insulini. Mjini nilihangaika sana kulieleza jambo hilo. Kule Masisi, milimani kwetu, sikuhangaika. Niliposema askari wa mwili wameigeukia nyumba waliyotumwa kuilinda, wazee waliitikia kwa kichwa wakasema hilo wanalijua.

Kashebere, pale unapotoka Masisi na kuingia Walikale, nilimpata Mama Sifa. Alikuwa mkulima wa maharage. Vita vilimtoa mlimani kwake, akawa anaishi katika chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya. Shingo yake ilivimba, mikono ilitetemeka, moyo ulikwenda mbio, na kila asubuhi alijichoma insulini aliyoitunza ndani ya chungu chenye mchanga mbichi ili joto lisiiharibu. Kwa mtafiti, mtu kama huyo alikuwa dhahabu. Naona aibu kulitamka neno hilo, lakini ndivyo nilivyomwona.

Nilimwambia, "Mama, Alhamisi nitarudi kutoa damu. Usikule kitu mpaka nifike."

"Sawa, Docta," akajibu.

Ndiyo kanuni, mwanangu, kwamba damu ya kipimo nilichokitaka hutolewa kabla mtu hajala. Lakini kuhusu sindano yake ya insulini sikusema neno. Insulini huteremsha sukari ya damu, na aliyejichoma asipokula, sukari huteremka mpaka akili inazimika. Nililijua hilo vizuri. Nililifanyia mtihani, nikafaulu. Ila nilikosomea, mgonjwa alilala hospitalini, damu ikatolewa alfajiri, na chai ilikuwa mlangoni inamsubiri. Kanuni ya mjini niliibeba nzima nzima nikaileta kwenye barabara ya vizuizi.

Alhamisi niliondoka Masisi mapema kwa pikipiki. Kwenye kizuizi cha kwanza wenye bunduki walifungua kisanduku changu cha barafu, wakataka kujua ile mirija mitupu ni ya kuwekea damu ya nani. Nilieleza, nikaeleza tena. Walinikalisha chini hadi jua likawa utosini. Waliponiachia, mizinga ilikuwa inalia nyuma ya vilima, na watu walikuwa wakija kinyume changu na magodoro kichwani. Mwenye akili angegeuza. Mimi niliiwaza damu ya Mama Sifa. Nisikudanganye: niliiwaza damu, yeye mwenyewe sikumwaza.

Nilifika saa nane. Kituo kilikuwa kitupu, isipokuwa Papa Bahati, muuguzi mzee wa pale, aliyekuwa akifunga madaftari yake kwa kamba, na Mama Sifa kwenye benchi. Alikuwa amelowa jasho chapachapa, anatetemeka mwili mzima, na maneno yake hayakushikana. Mwanangu, nilifurahi. Nilijua tezi yenye hasira humfanya mtu atetemeke na kutoka jasho, nikaona ugonjwa wangu umejitokeza wazi mbele ya macho yangu. Nikatoa daftari nikaandika dalili moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. Nikamfunga mkono, nikatoa damu ya mirija mitatu. Nilipokuwa naufunga wa tatu, kichwa chake kikaangukia ukutani.

"Ni tezi," nikamwambia Papa Bahati. "Imemzidi."

Mzee aliacha kamba zake akaja. Alimgusa paji la uso, akamfunua jicho.

"Amekula nini leo?"

"Hajala. Nilimwambia asile."

"Na insulini yake?"

 Mzee alikwenda chumbani kwa Mama Sifa, akarudi na bomba la sindano lililokwisha tumika.

"Alijichoma asubui, sawa kila siku," akasema polepole. "Weye ulikuya kutafuta ugonjwa, na ugonjwa uliuona. Muntu mwenyewe njo hukumuona. Anazimika mbele yako, na weye uko unaandika."

Kofi lisingeniuma vile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mimi mgeni nilikuwa naua. Kuuliza si ujinga, na swali lenyewe lilikuwa la maneno manne tu: leo umejichoma insulini, Mama?

"Serumu zote za sukari, za kutia mu mushipa, wenye bunduki walibeba," Papa Bahati akasema. "Kimbia kwa Kambale, alete sukari."

Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka lililobaki peke yake barabarani. Nilikuta dukani pamefungwa, lori limepakiwa, watu wamejaa juu ya magunia na yeye ameshika usukani. Nikamweleza huku nahema.

"Sukari iko chini ya magunia yote, Docta," akasema. "Na watu njo hawa wamekaa juu."

Mama mmoja kule juu akasema, "Papa, masasi iko karibu. Tuende." Na kweli risasi zilikuwa karibu, kila mlio ulifanya watu wainamishe vichwa. Sikuwa na haki ya kuwaomba wale watu kitu, kwa sababu kosa halikuwa lao. Kambale alizima injini.

"Mushuke," akawaambia. "Muntu akikufa kwa kukosa sukari yenye iko mu gari yangu, nitaenda kusema nini mu kanisa?"

Walishuka. Walinung'unika, lakini magunia waliyashusha wao wenyewe kwa mikono yao, na yule mama ndiye aliyenipa mfuko.

Ndizi mbivu zilikuwepo kituoni, lakini asiye na fahamu hatafuni. Tulimlaza ubavu. Papa Bahati alilowesha sukari kidogo kwa maji, akawa ananipa, nami nampaka Mama Sifa ndani ya mashavu na kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo asije akapaliwa. Lori la Kambale lilikuja likasimama mlangoni likinguruma. Hakuna aliyetuita. Nilipaka, nikapaka tena. Niliogopa risasi, ndiyo, lakini niliogopa zaidi uso ule usiobadilika, na nikamwomba Mungu kama mtoto anayeomba asichapwe.

Halafu ulimi wake ukakigusa kidole changu. Baadaye akameza. Baadaye tena akafungua macho, akanitazama, na safari hii alinijua.

"Docta, umefika," akasema. "Sikukula kitu, vile ulisema. Jirani aliniletea viazi, nikakatala."

Alikuwa anatabasamu, anangoja nimsifu. Nikashindwa, nikalia.

"Unalilia nini?" akauliza. "Sikufanya muzuri?"

Tulimpandisha kwenye lori tukaelekea Walikale. Mirija mitatu niliisahau kwenye benchi. Njiani nilimweleza yote mbele ya wale watu, kwamba aliponea chupuchupu na chanzo ni mimi. Alinisikiliza, akanipa nusu ya ndizi aliyokuwa anaila.

Basi sikiliza, mwanangu. Mjini watakufundisha kuogopa mgonjwa mkaidi. Mimi nakufundisha kumwogopa mtiifu, kwa sababu huyo atalifanya neno lako kama ulivyolisema, hata likimuua. Kabla hujamwagiza mtu, muulize siku yake huanzaje na nini kitampata usipofika. Ukiona dalili unayoipenda, hapo ndipo uulize mara mbili. Na ukikosea, sema kwa kinywa chako mwenyewe, maana mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nenda sasa. Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usioona haya kuuliza. Akufungulie barabara. Na siku utakayochelewa, maana utachelewa, wote wanaokungoja uwakute wameshiba.