Milango ya Karavani la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika Chang'ombe na mabegi mawili, mkungu wa ndizi na msimamo: hawezi kulala chini ya paa moja na mkwewe. Kwao, bara, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na wakikutana kwenye mlango mwembamba mmoja anarudi nyuma. Mie mtu wa Pwani, kwetu heshima haimzuii mtu kukaa sebuleni. Halafu nyumba yenyewe ina vyumba viwili na korido ambayo hata paka hawapishani.

"Sasa mama atalala wapi?" nilimuuliza mke wangu. "Juu ya bati?"

Alitazama uani.

Uani kulikuwa na karavani: tela la zamani la kulala watu, la mviringo kama yai, lenye kitanda na jiko dogo la gesi ndani. Alinipa bure jirani yetu, mzee wa Kihindi aliyekuwa akiuza vipuri, alipohamia kwa watoto wake ng'ambo. Ujanani alilivuta na familia yake hadi mbugani. Uzeeni akalifanya stoo ya makopo ya grisi. "Chukua, bwana," aliniambia, "ila usinirudishie." Nilikuwa na ndoto ya kuandikia vitabu humo. Hadi mama anafika, nilikuwa nimeandika sentensi moja, nayo nikaifuta.

Tukalisafisha. Mama akaingia, akalikagua kama anakagua wodi, maana alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, akatoka amenuna. Makabati yote yalikuwa wazi. Milango yake ilishaliwa na mchwa zamani.

"Mwambie mwenzako," alimwambia mke wangu, mie nikiwa nimesimama hapo hapo, "siwezi kulala huku vyombo vimenitolea macho. Kabati bila mlango ni kama mtu bila suruali."

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Anasema amesikia, mama."

Kuita fundi lingekuwa jambo la akili. Mtaani kwetu mafundi seremala wamejaa tele. Lakini mke wangu alishamwambia mama yake kwamba nina vifaa vyote, na kweli ninavyo: msumeno, randa, bisibisi, pima maji. Nilivinunua kipindi fulani nilipojiona mtu wa kazi za mikono. Nikaenda Manzese kutafuta mbao. Muuzaji akaniapia kwamba mninga haujawahi kumwangusha mtu, nikachukua mninga.

Nilipima, nikakata, nikaranda, nikapiga msasa mpaka nikaanza kukohoa vumbi jekundu. Milango ikatoka mizuri, imenyooka kila kona, inafaa benki. Hakuna hata mmoja ulioingia. Karavani halina kona. Ukuta wake unaanza kupinda chini na hauachi mpaka ukutane na mwenzake juu. Isitoshe, tairi moja lilikuwa halina upepo, kwa hiyo povu la pima maji lilikimbilia pembeni na kugoma kutoka. Mlango wa kabati la juu uliacha mwanya wa kupita panya na mizigo yake.

Mama akachungulia. Mke wangu alikuwa kazini, hapakuwa na wa kumtuma. Akaligeukia sufuria lililokuwa mezani.

"Sufuria, mwambie baba huyu mlango unatakiwa uzibe tundu, siyo ulipambe."

"Sufuria," nikajibu, "mwambie mama nimesikia."

Jioni mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe unapima karavani kama unapima kiwanja! Fundi cherehani anafanyaje? Si anafuata mwili?" Basi kesho yake nikatafuta boksi la friji, nikawa nabandika kipande cha boksi kwenye kila tundu na kuchora mpindo wake kwa penseli, kisha nakata mbao kufuata boksi. Mlango mmoja ukawa kama kipande cha mkate, mwingine kama sikio. Ila sasa iliingia.

Ulibaki wa juu, mzito kuliko wote. Nilikuwa nimeubeba kwa bega, bisibisi mdomoni, natafuta tundu la bawaba. Ukateleza. Ukatua kwa kona, juu ya kidole gumba cha mguu.

Nikatukana. Siyo "mama wee", hapana. Nilitukana tusi la kituo cha mabasi, refu, lenye ukoo mzima ndani yake. Kisha nikainua macho. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

Niliomba ardhi ipasuke. Yeye akaanza kutetemeka mabega. Alikuwa anacheka.

"Baba," alisema, kwa mara ya kwanza akisema nami mwenyewe, "mie nimezeekea leba. Hilo tusi ni la wale ambao uchungu ndo kwanza unaanza. Kaa hapo nione."

Akaingia. Akaushika mguu wangu, akauosha kwa maji ya chumvi, akachana kanga yake kuukuu na kunifunga. Halafu akausimamisha ule mlango kwa mikono yake miwili, akauegemeza kwa kichwa, mie nikakaza skrubu. Mke wangu alirudi akatukuta tumekaa, mguu wangu umewekwa mapajani kwa mama yake. Alisimama kama amefumania.

"Mwambie mwenzako," mama alimwambia haraka, "asitie mguu kwenye maji machafu."

Jumapili iliyofuata mama aliwaalika akina mama wa jumuiya ya kanisani waje kulibariki karavani. Sasa, karavani lina magurudumu mawili tu, yako katikati, na mbele lina mguu wa chuma. Hakuna aliyewaza hilo. Akina mama walijazana nyuma, kitandani, wakaanza kuimba. Kwenye ubeti wa tatu pua ya karavani ikainuka, polepole kabisa, kama mtu aliyeitwa jina. Mkia ukatua chini, puu! Wimbo ukakatika, zikabaki "Yesu!" za sauti mbalimbali.

Nikatupa sambusa, nikakimbia mbele nikauparamia mkono wa chuma wa kuvutia tela. Miguu yangu ikabaki inaelea. Dirisha likafunguka, mama akatoa kichwa.

"Mkwe! Ning'inia hapo hapo, usishuke!"

Aliniita mbele ya jumuiya nzima. Kisha nikamsikia ndani akiwaamrisha: mmoja mmoja, kwa magoti, sogeeni mbele, wewe mnene tangulia. Karavani likashuka taratibu, nami nikashuka nalo. Hakuna aliyeumia. Mwenyekiti wao alitoka akivuta pumzi, akasema vikombe vyote vimebaki kabatini, wala mlango mmoja haujafunguka. Nani fundi wake?

"Si huyo aliyekuwa ananing'inia," mama alisema.

Tukaweka matofali nyuma. Bado anaishi humo. Mezani hatuli pamoja hadi leo. Heshima nayo ina kichwa kigumu. Ila masika ikifika mninga unavimba, milango inakwama, nami naingia na randa. Yeye hukaa kitandani na kahawa yake, akinisimulia wanawake waliowahi kumng'ata leba, na mie naranda taratibu kuliko inavyohitajika.